UZI: Kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mezani ya zamani. Soma bodi yako kabla hujatoa hela

#1 Mkazi_wa_Sakina

Wakuu, habari za jioni. Kuna kompyuta ya mezani ya kuunganisha hapa nyumbani, kazi zake ni Word, Excel, YouTube na masomo ya sekondari ya mtandaoni. Sifa zake:

- Prosesa Pentium Dual-Core E5700
- Bodi ya Gigabyte yenye chipseti (chipu kuu ya bodi) ya G41, sloti mbili za RAM
- RAM (kumbukumbu ya muda) 2GB DDR3, iko moja tu, sloti ya pili tupu
- Diski ya kuzunguka 320GB
- Windows 10 ya biti 32

Ukifungua Chrome na tabu nne, inastaki. Nataka kufika 8GB. Mjini wananiambia nichukue RAM yoyote ya DDR3, mbili za 4GB. Ni kweli yoyote? Na je, ningeanza na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) badala ya RAM?

#2 Bisibisi_Nyota

Siyo yoyote mkuu, na kwenye G41 ndipo wengi wanapopigwa.

G41 ni ya enzi ambazo kidhibiti cha RAM kilikaa kwenye bodi, kabla hakijahamia ndani ya prosesa. Kidhibiti hicho mwisho wake ni chipu za gigabiti 2. RAM ya 4GB inatengenezwa kwa njia mbili: chipu 16 za gigabiti 2, nane huku na nane kule, au chipu 8 za gigabiti 4 upande mmoja tu. Zote ni DDR3, zote zimeandikwa 4GB, zote zinaingia kwenye sloti bila kulazimisha. Ya chipu 16 itawaka. Ya chipu 8 mara nyingi haileti picha kabisa, au inaonekana pungufu. Muuzaji akiijaribu kwenye kompyuta yake mpya kidogo itawaka vizuri, kwa hiyo wala hakudanganyi. Tatizo ni bodi yako.

Ukifika kaunta, igeuze RAM uhesabu. Halafu soma stika:

- 4GB 2Rx8 PC3-10600U: chukua. 2Rx8 ni safu mbili za chipu, yaani zile 16.
- 4GB 1Rx8 PC3-12800U: acha, hiyo ni ya chipseti mpya zaidi, H61 kwenda juu.

Stika ikiwa imechanika, soma namba kwenye chipu zenyewe. Samsung inayoanza na K4B2G ni gigabiti 2, K4B4G ni gigabiti 4. Hynix ni H5TQ2G dhidi ya H5TQ4G. Kwa RAM nzima, Samsung M378B5273 ndiyo ya chipu 16, M378B5173 ndiyo ya 8. Hynix HMT351U6 inakufaa, HMT451U6 haikufai. Kwenye Kingston angalia herufi kabla ya alama ya mkwaju: KVR16N11S8/4 ni safu moja, iache. Namba hizo zipige picha uende nazo kwenye simu.

Kasi isikusumbue. Kikomo rasmi cha G41 kwa DDR3 ni 1066, hivyo ukiweka ya 1333 (ndiyo PC3-10600) itashuka yenyewe. Usilipie zaidi kwa ajili ya 1600.

#3 Kebo_ya_SATA

Naona mnakimbilia RAM. Kompyuta ya umri huo yenye diski ya kuzunguka, kinachoifanya nzito ni diski. Mkuu tafuta SSD ya 240GB kwanza. Bodi ya G41 ina SATA (njia ya kuunganisha diski) ya gigabiti 3 kwa sekunde, haitaitoa SSD kasi yake yote, lakini kuwaka, kufungua Word na kutafuta faili utaona tofauti siku hiyo hiyo.

#4 Bisibisi_Nyota

@Kebo_ya_SATA kwa mwenye 4GB ningekubaliana na wewe. Kwa mwenye 2GB, hapana. Windows 10 na Chrome kwa 2GB zinaishi kwenye faili la kubadilishana (sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa) muda wote. Ukimpa SSD bila RAM, unaifanya SSD ifanye kazi ya RAM na kuandikwa mfululizo. Itakuwa afadhali, ila bado inastaki.

Tusibishane kwa hisia, apime. Mkuu Mkazi, fungua kazi zako za kawaida zote, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, halafu Memory. Soma namba iliyo chini ya "Committed", ya kushoto. Kisha bonyeza Disk uangalie asilimia.

#5 Mkazi_wa_Sakina

Committed inasoma 3.9/5.4 GB. Diski 100% karibu muda wote, hata nikiwa sijagusa kitu.

#6 Bisibisi_Nyota

Basi hapo jibu lipo. Programu zimeomba karibu 4GB, RAM ni 2GB, nusu imemwagikia kwenye diski, ndiyo maana diski iko 100% bila wewe kufungua faili lolote. RAM kwanza, SSD baadaye. Committed ingekuwa 1.6 na diski bado 100%, ningekwambia msikilize Kebo.

#7 Kebo_ya_SATA

Kwa namba hizo sawa, nakubali.

Ila kuna kitu mmekiruka: Windows yake ni ya biti 32. Aweke 8GB, aweke 16, ataona 3 na kitu. Biti 32 zinahesabu anwani 4,294,967,296 tu, yaani 4GB, na sehemu ya anwani hizo imeshachukuliwa na kadi ya picha ya ndani na vifaa vingine. Kwenye System itaandika "8.00 GB (3.25 GB usable)" au karibu na hapo, halafu mtu anarudi dukani kugombana.

E5700 inakubali biti 64, kwa hiyo njia ipo. Lakini huwezi kupandisha kutoka 32 kwenda 64 juu kwa juu, lazima upige Windows upya. Hamisha mafaili kwanza.

#8 Pasua_Moshi

Mnapiga Windows gani sasa? Ya 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiunga na mpango wa nyongeza. Ya 11 kwenye E5700 msijaribu; matoleo kuanzia 24H2 yanahitaji amri za SSE4.2 ambazo prosesa za kizazi hicho cha LGA775 (soketi ya E5700) hazina, haitawaka hata ukipita vizuizi vya usakinishaji kwa ujanja. Kwa kompyuta hii ningeweka Linux Mint ya Xfce, biti 64. LibreOffice inafungua mafaili ya Word na Excel, YouTube inacheza, na ikishawaka inaacha nafasi kubwa ya RAM kwa ajili ya kivinjari.

Akitaka kubaki na Windows 10, apige ya biti 64. Kama ya 32 ilikuwa na leseni halali, toleo lile lile la biti 64 kwenye bodi ile ile linajitambua lenyewe likiingia mtandaoni.

Na mimi nina swali la pembeni, niko Moshi: Dell OptiPlex 755, mnara mdogo, DDR2. RAM za 4GB za DDR2 huku zinatafutwa kwa tochi. Zikipatikana zina bei ya ajabu.

#9 Kaunta_ya_Vifaa

@Pasua_Moshi acha kutafuta 4GB. OptiPlex 755 ya mnara ina sloti nne na kikomo chake ni 8GB, yaani nne za 2GB. Chukua PC2-6400U za 2GB. Hizo zipo nyingi kwa sababu kompyuta za maofisini zilizoletwa za mtumba zilikuja nazo.

Ukiona DDR2 ya 4GB imeandikwa "for AMD" au bei yake haieleweki kwa urahisi wake, ikimbie. Mpangilio wa chipu zake unasomwa na baadhi ya bodi za AMD tu. Kwenye Intel utaambulia mlio au giza.

Kosa lingine la DDR2 na DDR3 za mtumba ni RAM za seva. Angalia herufi ya mwisho ya kasi kwenye stika: U ni ya kompyuta ya kawaida ya mezani, S ni ya laptopu, R ni ya seva, yenye chipu ya ziada katikati. PC3-10600R inaingia kwenye sloti yako vizuri kabisa ila haitawaka. Ndizo zinazouzwa bei ya chini kiasi cha kumshangaza mnunuzi.

#10 Mkazi_wa_Sakina

Asanteni sana. Nimeuliza tena mjini, wanazo mbili za Hynix, stika zimeandikwa 4GB 2Rx8 PC3-10600U, moja HMT351U6CFR8C na nyingine HMT351U6BFR8C. Zinatofautiana herufi. Zitaelewana?

#11 Bisibisi_Nyota

Zitaelewana. Herufi ya C na B hapo ni toleo la chipu, ujazo na mpangilio ni ule ule. Toa ile 2GB ya zamani, weka hizo mbili. Sloti mbili zikiwa na ujazo sawa, bodi inasoma njia mbili kwa pamoja, na kwa kuwa picha yako inatoka kwenye kadi ya ndani inayokopa RAM, video itanufaika pia.

#12 Dada_Njiro

Naomba kuelekezwa kufunga hatua kwa hatua. Mafundi wengine wanaingiza kama wanapigilia msumari.

#13 Kaunta_ya_Vifaa

Dada, ni hivi.

Zima kwa Shut down, siyo Sleep. Ukiacha Sleep, bodi bado inapeleka umeme kwenye RAM; ukiichomoa hapo unaweza kuiua yenyewe na sloti. Chomoa waya wa umeme ukutani na nyuma ya pawasaplai, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili kumaliza chaji iliyobaki. Kwenye bodi nyingi kuna taa ndogo. Isubiri izime kabisa.

Laza keisi juu ya meza ya mbao, bodi itazame juu. Gusa chuma cha keisi kisicho na rangi kabla ya kushika RAM, na rudia kila ukiinuka na kurudi. Msimu huu wa Juni hadi Agosti Arusha kila mtu kavaa sweta. Livue, hasa la nailoni. Cheche ya kuua chipu huwezi kuihisi mkononi.

Kabla ya kufunga mpya, puliza vumbi. Kwa mitaa kama Muriet na Olasiti vumbi ni laini na linashuka hadi ndani ya sloti. Blowa ya umeme shika mbali kidogo, na zuia feni kwa kidole isizunguke. Usipulize kwa mdomo, unatema mate.

Pini za RAM ya mtumba zisugue kwa kifutio cheupe cha penseli, taratibu, kuelekea ukingoni. Zinatakiwa kung'aa dhahabu. Ondoa vinyweleo vya kifutio kwa brashi kavu juu ya karatasi, siyo juu ya bodi. Msasa hapana, unaondoa dhahabu na baada ya miezi pini inapata kutu.

Fungua ndoano za sloti pande zote mbili. Kama kadi ya picha ni ndefu na inaziba ndoano, itoe kwanza. Linganisha pengo la RAM na kinundu cha sloti. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 lakini pengo limekaa sehemu tofauti, kwa makusudi, kwa sababu DDR2 ni volti 1.8 na DDR3 ni 1.5. Isipokaa, aina siyo yenyewe au umeigeuza. Usilazimishe.

Weka vidole gumba viwili kwenye ncha mbili za RAM, sukuma chini wima, upande mmoja kisha mwingine. Ndoano zitapanda zenyewe na utasikia "klik" mara mbili. Sogeza macho usawa wa sloti: mstari wa dhahabu unaobaki nje uwe sawa ncha zote. Ukiona upande mmoja dhahabu imezidi, haijaingia. Bodi ikipinda sana chini ya mkono, simama, pengine kuna skrubu ya chini haipo.

Kabla ya kufunga keisi, bonyeza kebo zote za SATA. Mkono unapoingia kusukuma RAM huwa unazivuta, halafu kompyuta inawaka na kusema haina diski, lawama inaenda kwa RAM.

#14 Dada_Njiro

Ubarikiwe. Hicho cha kebo za SATA sikuwahi kukisikia.

#15 Pasua_Moshi

Nyongeza ya milio, kwa wenye kompyuta za chapa:

Dell nyingi: milio 2 haijaona RAM, milio 4 imeiona lakini imeshindwa kuisoma na kuiandika. HP Compaq nyingi: taa ya umeme inapepesa nyekundu mara 5 na milio 5, hiyo ni RAM. Bodi za kuunganisha zenye BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows) ya Award hutoa mlio mrefu unaojirudia. Nyingi hazina spika ndani ya keisi, kwa hiyo ukimya usikudanganye. Kaspika kadogo ka pini nne kanauzwa bei ndogo na kanaokoa saa nzima ya kubahatisha.

Kwenye HP Compaq nyingi, sloti nyeusi ndiyo inayotakiwa kuanza kujazwa. Ukiiacha tupu haitawaka. Na ukiwasha mara ya kwanza, Dell inaweza kusimama na kusema kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, HP inaandika 164-MemorySize Error. Siyo ubovu, bonyeza F1 iendelee.

#16 Kebo_ya_SATA

Baada ya kuwaka msiishie kuangalia namba ya GB. Weka Memtest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, iwashe kutoka hapo, iache izunguke mizunguko miwili kamili. Ikionyesha mstari mwekundu hata mmoja, kuna kasoro. Toa RAM moja, pima iliyobaki. Kisha ihamishe sloti ya pili upime tena. Kosa likifuata RAM, rudisha dukani. Kosa likibaki kwenye sloti ile ile na RAM tofauti, shida ni sloti au bodi.

Kompyuta yenye RAM mbovu haifi papo hapo. Inaandika mafaili vibaya kimya kimya, au Windows inagoma kumaliza kusakinishwa kwa kosa lisiloeleweka. Kwa hiyo pima kabla ya kupiga Windows au Mint.

Umeme ukikatika katikati ya Memtest hakuna hasara, anza upya. Ila msisasishe BIOS bila UPS. Hapo ukikatika, bodi imekwenda.

#17 Mkazi_wa_Sakina

Nimefunga zote mbili. BIOS inasoma 8192MB. Memtest imemaliza mizunguko miwili bila kosa. Nimepiga Windows 10 ya biti 64 kwanza nijaribu, lakini inaandika "8.00 GB (3.24 GB usable)". Nimeangalia mara mbili, ni x64 kweli.

#18 Bisibisi_Nyota

Sehemu mbili za kuangalia. Andika msconfig, nenda Boot, Advanced options. Kisanduku cha "Maximum memory" kisiwe na tiki. Kama hakina, rudi BIOS utafute kitu kinachoitwa "Memory Remap" au "Memory Hole Remapping", kiweke Enabled. Kikiwa kimezimwa, RAM iliyo juu ya mstari wa 4GB haipati anwani hata kama Windows ni ya biti 64.

#19 Mkazi_wa_Sakina

Ilikuwa Disabled. Sasa 7.7 usable. Diski imeshuka, Chrome ikiwa na tabu kumi inasoma 4.6/9.0 Committed.

#20 Kaunta_ya_Vifaa

Hiyo inayopungua ni ya kadi ya picha ya ndani, iache.

Pakua CPU-Z (programu inayoonyesha sifa za kompyuta) ujiridhishe. Kwenye ukurasa wa Memory, "DRAM Frequency" itasoma nusu ya kasi, mfano 533 MHz. Zidisha mara mbili upate kasi kamili, kama 1066; watu wengi wakiona nusu wanadhani wamepigwa. Kwenye ukurasa wa SPD chagua sloti moja moja, namba ya RAM ilingane na ya stika. Stika inaweza kubandikwa na yeyote, SPD imeandikwa ndani ya RAM.

#21 Kijana_wa_Ngarenaro

Wadau, yangu ni H61 na i3-2120. Nina RAM mbili, sloti moja haisomi. RAM zote nzima, kila moja inasoma kwenye sloti ya kwanza.

#22 Bisibisi_Nyota

Kwenye yako kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, hivyo njia za sloti ya pili zinapita kwenye pini za soketi. Toa feni na chuma chake cha kupoozea, toa prosesa, mulika soketi kwa tochi ya simu kutoka pembeni: kila pini ionekane imepangika sawa na jirani zake. Moja iliyolala au yenye gundi ya joto (ile ya kupakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea) inatosha kupoteza sloti nzima. Irudishe kwa ncha ya sindano, ukiwa na kioo cha kukuzia. Pini zikiwa sawa, funga tena feni bila kukaza upande mmoja kuliko mwingine, maana feni iliyobana kwa mshazari inaweza kuharibu mguso wa prosesa na pini. Weka gundi mpya ya joto, usitumie ya zamani.

#23 Dada_Njiro

Na laptopu yenye i5 ya kizazi cha nne? Nina RAM ya DDR3 ya laptopu iliyotoka kwenye ya zamani.

#24 Kaunta_ya_Vifaa

Laptopu za kizazi cha nne zinataka DDR3L ya volti 1.35, stika yake inaandika PC3L. Ya PC3 tupu ni volti 1.5, inaingia lakini mara nyingi haiwaki. Kinyume chake kinakubalika: PC3L kwenye laptopu ya zamani ya volti 1.5 inafanya kazi.

#25 Pasua_Moshi

Mrejesho wa OptiPlex 755: nne za 2GB PC2-6400U zimesoma 8GB. Mbili zilikuja na basi kutoka Dar zimefungwa kwenye nailoni ya kawaida. Mkiagiza, semeni mapema waweke kwenye mfuko wa kijivu wa kuzuia chaji au wafunge kwa karatasi kavu na kadibodi, na pini zisigusane. Hizo mbili nilizipima peke yake kwa Memtest kwanza kabla ya kuzichanganya na nyingine.